Likoni Haifutwi kwa Kidole

Nyinyi mnaoanza kazi ya kuuza leo, mkikabidhiwa kompyuta na kuambiwa, "Haya, safisha kwanza takataka za waliokutangulia," msisafishe. Kaeni. Itisheni chai. Zitazameni takataka hizo jina kwa jina, kwa sababu nyingine ni mimi.

Nimeuza friza miaka ishirini na tisa. Si zile za nyumbani za kuwekea maziwa na nusu ya ndimu. Ni friza za biashara, za wauza samaki, za mabucha, za kina mama wa barafu za ukwaju. Ofisi ilikuwa Changamwe na kwetu ni Timbwani, Likoni, kwa hivyo kila siku nilivuka feri kwenda na kurudi, na bado nikifika kazini kabla ya wanaolala Changamwe kwenyewe. Naitwa Bi Mishi. Wanaonijua hawanitajii bei ya kwanza, wanaona haya.

Nataka kuwaambia jinsi Likoni nzima ilivyotaka kufutwa kwa kidole kimoja, nami nifutwe nayo ikibaki miaka miwili nistaafu. Lakini kwanza muelewe chombo chenyewe, maana najua wengine wenu mnakitumia kila siku na hamjui kinafanyaje kazi.

Kampuni ilituletea programu ya kutafutia wateja. Ilikuwa na jina refu la Kizungu, sisi tukaiita Darubini. Unaiambia: nataka mabucha, yaliyoko Likoni, yenye zaidi ya miaka miwili, yenye simu. Inakuletea majina. Ukiyapenda masharti yako unayahifadhi kwa jina, na kuanzia hapo kila wiki, siku na saa uliyoichagua, Darubini inatafuta upya yenyewe na kukuletea orodha. Hayo masharti yaliyohifadhiwa ndiyo mimi niliyaita msako. Wenzangu wakacheka, wakasema msako ni wa askari. Nikawaambia wateja wa friza pia hujificha.

Kabla ya Darubini kulikuwa na daftari la Mzee Mwinyi, aliyenifundisha kazi. Lilikuwa na jalada la karatasi ya kaki, na kila ukurasa una kichwa chake. "Wanaosema kesho." "Wanaosema ngoja nimuulize baba watoto." "Wanaonunua barafu kwa jirani." Ukurasa huo wa tatu ndio uliomjengea nyumba. Akiniambia, "Mishi, mtu anayenunua barafu kwa jirani ameshanunua friza, bado hajaipeleka kwake tu." Kwa hivyo msishangae sana na kompyuta zenu. Mzee Mwinyi alihifadhi misako yake miaka mingi kabla, na siku moja moja aliipitia na kukata majina kwa wino mwekundu. Hakukata jina hata moja kabla ya kwenda kuona kwa macho yake.

Tena alikuwa na desturi ya kuhesabu kila kitu mara mbili. "Mara ya kwanza," alisema, "unahesabu unachokitaka. Mara ya pili ndipo unapohesabu kilichopo."

Sasa makosa. Sitaki mfikirie nilizaliwa na Darubini mkononi. Misako yangu ya kwanza niliipa majina ya kipumbavu: Mpya, Mpya Kabisa, Mpya Hii Sasa. Baada ya miezi mitatu sikujua ipi ni ipi, ikawa kama mtu aliyewaita watoto wake wote Mtoto. Upeni msako jina ambalo mtu mwingine atalielewa wewe ukiwa kitandani na homa. Wangu wa mwisho uliitwa "Likoni, samaki, nyama na barafu, wa zamani, wenye simu." Mrefu, lakini hauhitaji mkalimani.

Kosa jingine nililifanya na mwenzangu Juma, aliyeshika Kisauni. Yeye alikuwa na msako wa wauza samaki. Mimi, kwa tamaa, nikahifadhi wangu wa wapishi wa pembeni mwa barabara, nikavuka mpaka wake hadi Kisauni. Hakuna aliyelinganisha. Bi Zuhura, mkaanga samaki wa Kisauni, akawa yumo kote kuwili. Asubuhi moja tukampigia sote wawili, mmoja saa tatu, mwingine saa tatu na robo. Mwanamke yule hakumtajia mmoja wetu mwenzake. Alituita kila mmoja aje saa nane. Tulipofika akatukalisha benchi moja, akageuza samaki wake, akatuambia:

"Haya wanangu. Anzeni kushushana."

"Bi Zuhura, sisi ni kampuni moja," Juma akasema.

"Najua. Ndiyo maana nimewapa benchi moja."

Tulishushana mpaka faida ikabaki mifupa. Mimi najiona mjuzi wa kupatana bei, lakini siku ile nilikuwa samaki. Tangu hapo, kabla ya kuhifadhi msako mpya nauweka kando ya ile iliyopo na kutoa majina yaliyokwisha kushikwa na mwenzangu. Ni kazi ya dakika kumi. Benchi la Bi Zuhura lilitugharimu zaidi.

Na msiamini duara. Darubini inakuruhusu kuchora duara kwenye ramani, ikuletee wateja wote wa ndani yake. Mtu wa makao makuu Nairobi alichora duara kutoka Changamwe, likaila Likoni kama kipande cha mkate, na ratiba ikanipangia mteja wa Likoni saa nne na mteja wa Changamwe saa nne na nusu. Wakati huo barabara ya kuzunguka upande wa kusini haikuwa imefunguliwa. Nikampigia nikamwambia Darubini yake inaona kama kunguru, na kunguru hapangi foleni ya feri. Akaniuliza, "Feri inachelewa?" Nikakata simu kwa heshima.

Sasa tuje kwenye Likoni yenyewe.

Tuliletewa meneja mpya, Denis, kijana wa bara, mwepesi, msafi, mwenye haraka ya mtu aliyeacha chungu jikoni. Siku ya pili tu akaniita, "Mathe." Nikamjibu, "Abee, mwanangu, mamako yuko kwenu. Mimi ni Bi Mishi." Hakurudia. Kwa hilo nampa haki yake.

Kampuni ilikuwa imepunguza malipo ya Darubini, na kwa kiwango kipya tawi letu liliruhusiwa misako kumi na tano tu. Tulikuwa na arubaini na moja. Jumatatu Denis akatuita mezani, akawasha picha ukutani, akaanza kufuta. Futa, futa, futa. Ule wa Mpya Hii Sasa niliuaga bila machozi. Kisha akafika kwenye wangu wa Likoni.

"Hii eria imekufa," akasema. "Tuifute tusonge."

"Imekufa lini? Mimi nimelala huko jana."

Akaonyesha. Majina mia moja na kumi na mawili. Sabini na moja yana alama ya kijivu, maana yake wamepigiwa mara tatu na hawakupokea. Darubini ikiweka kijivu, mtu huyo anahesabiwa hayupo na haletwi tena kwenye orodha.

"Bi Mishi, si mimi nasema. Data inasema. Alhamisi makao makuu wanaamua, na mimi nimependekeza tuifunge Likoni. Mafundi hawatavuka tena, na nafasi yako..." Akatafuta neno. "Tutaongea."

Mkiambiwa tutaongea, mjue wameshaongea.

Haikuwa kazi yangu peke yake, ingawa kazi yangu niliitaka. Eneo likitoka kwenye orodha, fundi hana ruhusa ya kwenda. Friza ya samaki ikizimika Likoni adhuhuri, kufikia jioni ile si friza tena, ni jeneza. Nikamwambia Denis, "Usibonyeze. Nipe mpaka Alhamisi."

"Ukipata nini?"

"Sijui. Lakini wewe umehesabu mara moja tu."

Nikakaa na orodha ya simu zilizopigwa. Hesabu ya kwanza nikaifanya kwa aina ya biashara: mabucha, samaki, barafu. Sikuona kitu, kijivu kilitapakaa kama mvua. Hesabu ya pili nikaipitisha kwa siku na saa. Hapo nikaiweka kalamu chini.

Ijumaa. Ijumaa. Ijumaa. Saa saba kasoro robo, saa saba, saa saba na dakika kumi.

Zilikuwa simu za kikosi cha simu cha Nairobi. Walikuwa wamepangiwa kupiga mara tu orodha ya msako inapotoka, kutoka juu hadi chini. Na msako wa Likoni ulitoka Ijumaa saa sita na nusu mchana. Waliopokea wengi wao walikuwa kina Mutua na kina Achieng'. Wasiopokea walikuwa kina Hamisi, kina Mwanajuma, kina Bakari. Wallahi niliona haya peke yangu. Watu wale walikuwa msikitini, si makaburini, na kampuni nzima ilishawasomea hitima.

Ningependa kuwaambia kwamba kosa lilikuwa la Nairobi. Nilitafuta sana liwe la Nairobi. Lakini nilipofungua masharti ya msako kuona nani aliyechagua siku na saa ile, jina lilikuwa langu.

Nilikumbuka mara moja. Ijumaa wanaume wakienda kuswali ofisi hutulia, simu hazilii, hata feni husikika. Nilipenda kukaa saa ile na orodha mpya bila kelele. Nikaichagua saa hiyo kwa sababu hakuna anayepiga simu, nikasahau kwamba siku moja kuna atakayezipiga. Mimi, mtoto wa Timbwani, nyumba ya tatu kutoka msikitini! Kosa lile mgeni asingeweza kulifanya. Mgeni hangejua kuna saa ya kimya ya kuikimbilia.

Kulikuwa na njia ya kunyamaza. Ningebadilisha siku, nifute jina langu, nilaumu mitambo, na nani angejua? Nilifikiria kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, sitawadanganya. Lakini ningewezaje kumtaka Denis aamini hesabu yangu ya pili ikiwa nimeificha ya kwanza? Nikamwendea.

"Msako huu nimeuharibu mimi," nikamwambia, nikamweleza.

Akanitazama. "Kwa hivyo hili kosa ni lako, Bi Mishi."

"Ni langu. Na Likoni ni yangu vilevile. Kesho vaa viatu vya kutembea."

"Siwezi kuwaambia makao makuu watu walikuwa wanaswali. Watataka ushahidi."

"Ndio nakwambia vaa viatu."

Jumanne na Jumatano tukavuka pamoja, na karatasi ya majina sabini na moja. Tulianzia kwenye bucha la Maalim Hamisi, ambaye mchana ni nyama na jioni ni madarasa ya watoto.

"Maalim, shikamoo. Kampuni yetu inasema hupatikani."

"Marahaba. Nani hapatikani? Mimi nipo hapa tangu bucha ni la baba yangu."

Denis akatazama karatasi. "Tulikupigia Ijumaa, mzee. Saa saba. Mara tatu, Ijumaa tatu."

Maalim akaacha kunoa kisu. "Kijana, siku ukinipigia Ijumaa saa saba na nikapokea, niombee dua. Nitakuwa nimepotea."

Denis akacheka, akaandika. Maalim akamuuliza kama friza mpya inaweza kuchukua mbuzi mzima bila kumkunja. Hapo kijana akaona kwa macho yake maana ya kijivu.

Kwa Mwanajuma, muuza barafu na sharubati wa Timbwani, tulikaribishwa tukae kwanza. Nikamuuliza habari ya simu za Ijumaa saa saba.

"Ijumaa saa hiyo?" akasema. "Nina sufuria ya pilau ya watu kumi na wanne. Simu iko chini ya mto inalia peke yake, haina wa kuibembeleza. Na wewe Mishi unauliza kama mgeni? Ijumaa wewe huli?"

Kuna maswali yenye haki.

"Huyu ndiye meneja?" akaendelea, akimpimapima Denis. "Mbona mwembamba hivi? Mnamkausha?"

Denis akanywa sharubati glasi mbili. Akataka kulipa, akafukuzwa.

Tulizunguka hivyo siku mbili, jua likitupima. Jumatano saa kumi tukaketi kivukoni, nikahesabu alama za vyema tulizotia kwa kalamu. Sitini na wanne wako wazi na wanafanya biashara. Watano wamehama. Wawili ni marehemu, Mungu awarehemu.

"Sitini na nne!" Denis akapiga paja. "Bi Mishi, tumewapata."

"Ngoja."

"Ngoja nini?"

Nikahesabu tena. Kulikuwa na muuza samaki mmoja mwenye simu mbili, ameingia mara mbili, na mimi nimemtilia alama mara mbili.

"Sitini na tatu."

"Lakini ni mmoja tu. Acha iwe sitini na nne, nani atakuja kuhesabu?"

"Mimi," nikamwambia. "Mtu mmoja wa uongo akigunduliwa, hawa sitini na tatu wote watakuwa waongo. Andika sitini na tatu."

Akaandika. Nadhani hapo ndipo alipoanza kuwa mtu wa mauzo.

Alhamisi alisema yeye, mimi nikiwa kando yake, mbele ya wakubwa wa Nairobi waliotokea ukutani kwa mtandao. Alisema vizuri. Alitaja na muuza samaki wa simu mbili bila kuulizwa. Mama mmoja wa makao makuu akauliza, "Na swala hii ni kila Ijumaa?" Denis akajibu bila kutabasamu, "Kila Ijumaa, madam. Hata za mwaka ujao." Likoni ikabaki. Ikaamuliwa msako ubadilishwe siku, majina yarudishwe, na aliyekosea apewe barua ya onyo.

Barua ikaja wiki ile ile, Denis akanikabidhi na kalamu. Nikasoma. Ilisema nilichagua siku na saa bila kufikiria. Kweli. Ilisema uzembe wangu uliipotezea kampuni wateja. Kweli, ingawa neno uzembe liliniwasha. Kisha ikasema nimeonywa kuhusu usimamizi wa "Likoni, eneo lenye matatizo."

Nikairudisha mezani.

"Sitii sahihi."

"Bi Mishi, tafadhali. Usipotia, watasema umekataa nidhamu. Umebakiza miaka miwili. Ni barua tu, inaingia kabatini."

"Naijua kabati. Mimi nitastaafu, wewe utahamishwa, atakuja mwingine hajui feri wala Maalim, atafungua kabati asome 'eneo lenye matatizo,' atafute kitufe. Kosa langu nalitia sahihi sasa hivi. La Likoni silitii, maana Likoni haikukosa. Ilipigiwa ikiwa sijdani."

"Na wakikufukuza?"

"Basi waandike wamenifukuza kwa nini. Nitapenda kuisoma."

Denis aliitazama barua. Najua alichokuwa anapima, kwa sababu chini ya barua ile kulikuwa na nafasi ya sahihi mbili, yangu na yake, na yeye alikuwa mgeni kazini kuliko mimi. Kisha akaivuta barua, akaikata ile sentensi kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake, "Eneo lenye saa zake," akaweka herufi za jina lake pembeni. Akanirudishia.

Nikatia sahihi. Yeye naye akatia.

Msako tukauhamishia Jumanne saa nne asubuhi. Jumanne ya kwanza nilikuwa mezani kwangu simu zilipoanza kupigwa kutoka Nairobi. Saa saba Denis akanijia akiwa na malalamiko ya msichana mmoja wa kikosi cha simu. Alikuwa amepangiwa watu arubaini, amefikia kumi na mmoja tu. Alisema watu wa Likoni wanapokea kwa mlio wa kwanza, lakini hawataki kusikia habari za friza mpaka wamuulize hali yake, hali ya wazazi wake, na kama mvua imenyesha kwao.

"Nimwambie nini?" Denis akauliza.

"Mwambie awajibu," nikasema. "Na akimaliza, yeye naye aulize."